Marekebisho ya Maneno "Hakuna Barua"

UMOJA WA UKOO WA CADIENTE, WAIPAHU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA PILI CHA MWAKA 2025

Tarehe: Jumamosi, 10 Mei 2025 (kule nyumbani Pasuquin, Ufilipino, ilikuwa tayari Jumapili asubuhi)
Mahali: Gereji ya Mwenyekiti, Ewa Beach, Hawaii
Muda: Saa 10:20 alasiri badala ya saa 9:00

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Eusebio Cadiente, Mwenyekiti, kaka mkubwa
2. Bi. Zenaida Cadiente, Makamu Mwenyekiti, mke wa Mwenyekiti
3. Bw. Melchor Cadiente, Mjumbe, binamu
4. Bi. Felicidad Agpalo, yaani Manang Feling, au Dada Feling, Mjumbe, dada mkubwa, kwa simu ya video kutoka Pasuquin
5. Bi. Adelfa Cadiente, Katibu, kitinda mimba, ndiye anayeandika

WASIOHUDHURIA
Nanang Ceferina, mama yetu, Mlezi wa Umoja. Alifariki tarehe 30 Machi. Jina lake limeandikwa hapa kwa mara ya mwisho kwa ombi la Katibu.

KUMB. NA. 1/2/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala baada ya Bw. Melchor kuwasili. Bw. Melchor aliomba radhi, akaeleza kwamba jogoo wake alitoroka. Bi. Zenaida aliuliza kama ni jogoo yuleyule aliyetoroka siku ya kikao cha Februari. Bw. Melchor alivuta kiti.

Mwenyekiti aliwashukuru wote kwa sala za siku arobaini za Nanang, zilizokamilika jana. Alimshukuru kipekee Manang Feling, aliyemuuguza Nanang miaka sita tangu alipopooza, akamzika, na bado akapata nguvu ya kuwapikia majirani siku zote tisa za matanga.

KUMB. NA. 2/2/2025: SANDUKU LA NANANG

Bi. Zenaida aliarifu kwamba lile sanduku la zawadi lililoanza kufungashwa Machi lingali gerejini. Ndani mna nepi za watu wazima, maziwa ya unga, kahawa na nyama ya kopo. Aliuliza nepi zifanyweje. Iliamuliwa sanduku libaki lilipo kwa sasa. Katibu aliandika kumbukumbu hizi akiwa amelikalia, kwa kuwa viti vilikuwa vitatu.

KUMB. NA. 3/2/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za Februari. Mwenyekiti alikwishashika kalamu atie sahihi, kama afanyavyo siku zote bila kusikiliza sana, Katibu alipomwomba aiweke chini. Alisema ana marekebisho.

Marekebisho yalihusu Taarifa ya Foleni, kipengele ambacho hakijawahi kukosekana katika ajenda yetu. Tatang, marehemu baba yetu, alikuja huku kukata miwa, kisha akawaombea ukaazi watoto wake wawili waliokuwa bado hawana ndoa, yaani Mwenyekiti na Katibu. Manang Feling alikuwa ameshaolewa, akabaki. Tarehe 16 Septemba 2002 Mwenyekiti, akiwa raia wa Marekani, alimwombea dada yake ukaazi wa kudumu, pamoja na mumewe, ambaye sasa ni marehemu, na binti yao Jovelyn aliyekuwa na miezi miwili. Ombi na Jovelyn ni marika. Tangu hapo kila kikao Mwenyekiti huuliza, "Foleni imefika wapi?" na Katibu hujibu.

Katibu alieleza kwamba katika kumbukumbu za vikao saba, kuanzia Agosti 2023 hadi Februari 2025, jibu lililoandikwa ni "Hakuna barua." Aliomba maneno hayo yafutwe mara zote saba, na badala yake yasomeke: "Barua ipo. Katibu anayo."

Jogoo aliwika nyumba ya pili. Bw. Melchor alisema huyo si wake.

Katibu alitoa bahasha mbili mkobani. Ya kwanza ilifika tarehe 8 Juni 2023, kueleza kwamba zamu ya Manang Feling imefika. Ya pili ilifika mwaka mmoja baadaye, kueleza kwamba kwa kuwa hakujibu, faili limefungwa. Zote zilifika nyumba ya zamani ya Tatang kule Waipahu, anakoishi Katibu, kwa sababu Mwenyekiti alipohamia Ewa Beach hakubadilisha anwani. Bi. Zenaida alikumbusha kwamba alimwambia mumewe jambo hilo mpaka ulimi ukaota sugu. Mwenyekiti alisema sasa si wakati wake. Bi. Zenaida alisema wakati wake ulikuwa 2016.

Kisha Bi. Zenaida alimgeukia Katibu, akataka maneno yake yaandikwe kama yalivyotoka:

"Kikulacho ki nguoni mwako! Miaka miwili mimi nawasha mishumaa kanisani, namsumbua kila mtakatifu, kumbe barua imelala kwa Adelfa! Ilikuwa wapi?"

Katibu alijibu kwamba Katibu aliiweka kwenye kabati la sahani, chini ya vitambaa vya meza.

"Katibu, Katibu! Katibu ni nani hapa? Sema mimi."

Mimi niliiweka. Mimi niliificha.

KUMB. NA. 4/2/2025: YATOKANAYO

Mwenyekiti alitaka kuisoma barua ya kwanza lakini alisema miwani yake ina ukungu. Bw. Melchor aliisoma. Ukurasa wa kwanza ulisema zamu imefika na taratibu za safari zianze. Ukurasa wa pili ulisema mhusika halazimiki kusafiri mara moja. Cha lazima ni kujibu ndani ya mwaka mmoja na kujaza fomu, faili lisife, na mtoto aliye chini ya miaka ishirini na mmoja aendelee kuhesabiwa mtoto.

Mwenyekiti aliomba ukurasa wa pili usomwe tena. Ulisomwa tena.

Bw. Melchor alimwuliza Katibu kama alikuwa amefika hapo. Katibu alijibu kwamba hakufunua. Alisoma ule wa kwanza amesimama mlangoni, akaikunja.

Manang Feling aliuliza siku ile Jovelyn alikuwa na miaka mingapi. Kila mmoja alianza kuhesabu. Alijijibu mwenyewe: "Ishirini. Alibakiza mwezi mmoja na siku kumi na moja."

Kwa faida ya kumbukumbu: Jovelyn yuko Taiwan tangu Novemba, mtunzaji katika nyumba ya wazee. Aliondoka kwa sababu, kama alivyomwambia mama yake, hakuna barua. Manang Feling alisema jana binti huyo alimtumia picha. "Anamlisha uji bibi wa watu. Kijiko anakishika vilevile ninavyokishika mimi. Sikumfundisha. Aliniona tu."

KUMB. NA. 5/2/2025: SABABU

Mwenyekiti alimwuliza Katibu sababu. Aliuliza kwa sauti ya chini, jambo ambalo Katibu aliona ni zito kuliko makelele ya Bi. Zenaida. Katibu alijibu hivi:

"Siku barua ilipofika nilikupigia, Manang. Ulikuwa unamlisha Nanang. Ukaiegemeza simu kwenye kikombe, ukaniambia ngoja ameze kwanza. Nikaangalia mikono yako. Nikasema, huyu akija huku, hicho kijiko atakishika nani? Manong Eusebio damu yake inasafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Aliyebaki ni mimi. Sina mume, sina mtoto, kazi yangu kutandika vitanda vya wageni hotelini. Mngenirudisha mimi, na mngekuwa na haki. Sikutaka kurudi. Nikasema nitaitoa baada ya Krismasi. Halafu baada ya Pasaka. Halafu aibu ikawa kubwa kuliko barua."

Bw. Melchor alisema, "Aa, Manang Adelfa," basi.

Manang Feling alisema: "Ungeniuliza tu, ading." Hivyo ndivyo amwitavyo Katibu tangu utoto, maana yake mdogo wangu. "Ungeniuliza, ningekwambia siji. Nimwache Nanang niende wapi? Ningejibu barua yao, nikakaa na mama yangu mpaka mwisho, na mwanangu angekuwa na nafasi yake. Ni kuuliza tu."

Katibu alijuta na anajuta, na anaomba iandikwe kwamba majuto hayo hayakuanza leo.

KUMB. NA. 6/2/2025: NINI KIFANYIKE

Bw. Melchor alisoma barua ya pili. Faili linaweza kufunguliwa tena iwapo, kabla ya miaka miwili tangu barua ya kwanza, itathibitika kwamba mhusika hakujibu kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Zimebaki siku ishirini na tisa.

Bw. Melchor alipendekeza isemwe kwamba posta ilipoteza barua. "Barua hupotea kila siku. Nani atafuatilia?"

Kinyume na matarajio ya wengi, Bi. Zenaida alikataa. "Njia ya mwongo ni fupi, na ya ukoo huu imeshafika ukutani. Ushahidi mnao. Kumbukumbu saba, sita zikiwa na sahihi ya Eusebio, zinasema hakuna barua, na Feling yuko kwenye mahudhurio ya zote. Za leo zinasema ilikuwa wapi. Zitafsiriwe zote, zipelekwe."

Mwenyekiti alisema jina la ukoo litasomwa na watu baki. Bi. Zenaida alisema lisomwe. Katibu aliulizwa kama ameridhia. Aliridhia.

Manang Feling aliuliza aje kufanya nini. Nanang ameshamzika, na faili lenyewe halimtambui tena Jovelyn. Mwenyekiti alieleza kwamba chumba cha chini kipo, na sufuria ya umeme ya wali aliyomnunulia dada yake ingali kwenye boksi lake. Bi. Zenaida alithibitisha, akaongeza kwamba amekuwa akiipangusa vumbi. Mwenyekiti alisema: "Feling, mimi ndiye mwenye ombi. Anwani sikubadilisha kwa sababu nyumba ya Tatang niliiona ndiyo nyumba. Kosa ni langu pia. Njoo angalau tukae mlango mmoja." Bw. Melchor alikumbusha, bila kuulizwa, kwamba mwombaji akifa ombi nalo hufa. Bi. Zenaida alimwomba aende kuangalia jogoo wake.

Manang Feling aliuliza kama akishapata ukaazi ataweza kumwombea Jovelyn. Bw. Melchor, ambaye hakwenda kuangalia jogoo, alisema ataweza, lakini ni foleni mpya, miaka kumi au zaidi, na muda wote huo binti asiolewe.

Bi. Zenaida aligonga simu akidhani imekatika. Kisha Manang Feling akasema: "Nina miaka sitini na miwili. Tumeni. Safari hii mbele nasimama mimi, Jovelyn nyuma yangu. Na mimi nitamuuliza kwanza kama anataka."

Maazimio:
(a) Barua ya maelezo ipelekwe kabla ya tarehe 20 Mei, pamoja na kumbukumbu saba na hizi za leo.
(b) Manang Feling ampigie Jovelyn leo hii, kabla hajaingia zamu.
(c) Sanduku la Nanang lifungwe, litumwe. Manang Feling alisema nepi atampa jirani yake, ambaye mama yake ameanza kuanguka.

KUMB. NA. 7/2/2025: ANWANI

Bw. Melchor, akijaza fomu, aliuliza anwani ya kupokelea barua iwe ipi. Mwenyekiti alisema ya Ewa Beach. Bi. Zenaida aliunga mkono kwa mikono miwili. Katibu pia aliunga mkono.

Manang Feling alisema, "Hapana. Andika ya Adelfa."

"Feling, una wazimu?" aliuliza Bi. Zenaida.

"Sina. Zeny, wewe barua utaiweka juu ya friji, utasema nitaisoma kesho. Melchor ataifungia jogoo mahindi. Barua ya Jovelyn itakuja mimi nimezeeka, pengine nimeshakufa. Naitaka iende kwa mtu asiyeweza kupata usingizi ikiwa ndani ya nyumba. Andika ya Adelfa."

Hakukuwa na pingamizi. Fomu ilisogezwa kwa Katibu, akaandika anwani hiyo kwa mkono wake. Aliharibu nakala ya kwanza kwa machozi, ikabidi apewe nyingine.

KUMB. NA. 8/2/2025: KUFUNGA KIKAO

Marekebisho saba yalitiwa sahihi moja baada ya nyingine. Mwenyekiti aliyasoma yote kabla ya kusaini. Taarifa ya Foleni ya leo ni hii: barua ziko mbili, ziko mezani.

Watu waliachana saa 12:10 jioni. Bi. Zenaida alimfungia Katibu bakuli la mboga za pinakbet bila kumtazama usoni, akamwambia bakuli lirudi.

Mwenyekiti: Eusebio Cadiente (sahihi)

Katibu: Adelfa Cadiente, mimi (sahihi)