Mtoto Mmoja, Majina Mawili

Kanye, nyumbani kwa Mama
Jumapili, baada ya mvua

Dada yangu Botlhale,

Pokea salamu za huku chumbani, zangu na za Larona. U hali gani huko Francistown? Kifua kimetulia? Na pale duka la vitambaa, bado mnasimama kutwa? Sisi tunamshukuru Mungu. Mwili wangu umerudi, usingizi ndio haujarudi. Larona ananyonya kama anayedai haki yake, na Mama ananijaza uji mchachu wa mtama. Nikikataa, ananiambia, "Kunywa, wewe! Maziwa hayatoki ukutani."

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu nimeizima, nimeifukia kwenye kopo la unga, na sababu yake ndiyo barua yenyewe. Nimemwomba dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Unajua uzazi wa kwetu ulivyo. Gogo limelazwa langoni tangu nilipojifungua, mpita njia ajue ndani kuna kichanga, asiingie. Hata Thuso, baba mtu, huishia kwenye uzio akaniita kama anayeita mbuzi. Miezi mitatu ndani ya kuta nne, mtu na mama yake! Upweke ndio ulionipeleka kwenye lile jukwaa la akina mama mtandaoni. Sikwenda kijinga. Jina langu sikuweka, wala la mtoto, wala la kijiji. Picha niliyoweka ilikuwa ya nyayo za Larona tu juu ya blanketi. Uso niliukata. Wakanisifia, mmoja akasema hizo si nyayo, ni maandazi mawili, atakuja na chai. Nilicheka peke yangu, nikaona kumbe bado najua kucheka.

Baadaye nikazikuta nyayo zilezile kwa mtu mwingine humo humo. Alijiita Mama Kimya. Chini yake ameandika, "Mwanangu anakua." Nikadhani kakosea. Kesho yake akaweka uso. Uso wa Larona, dada, na kile kidoa juu ya nyusi.

Tangu hapo sikuwa peke yangu humu chumbani. Larona alipocheka usingizini mara ya kwanza, jioni yake Mama Kimya akaandika kwamba wake amecheka usingizini. Larona aliposhikwa na chango, wake naye akashikwa na chango. Wanawake wakampa pole, wakamfundisha namna ya kumkanda tumbo. Niliyasoma yale kwa mkono mmoja, wa pili unamkanda Larona. Nikahisi kuna mwanamke amekaa upande wa pili wa kitanda, mgongo kanipa, ananyonyesha mwanangu. Nikatundika blanketi dirishani. Mama akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia jua kali. Akasema, "Jua gani, na mawingu haya?"

Nikamwandikia pembeni mama mmoja anayesimamia lile jukwaa. Aliuliza swali moja tu, uso wa mtoto nimewapa akina nani. Nikamjibu ni watu wawili, mmoja wa damu yangu, mmoja wa ndoa yangu. Akasema, "Sikuulizi unawapenda kiasi gani, mwanangu. Kila mmoja mpe picha yake. Ikivuja, utajua tundu liko wapi." Basi nikapiga mbili mpya. Moja Larona kalalia ubavu wa kulia, nyingine ubavu wa kushoto, mkono shavuni. Nikazituma. Nikangoja.

Sikungoja sana, lakini kabla sijasema nilichokiona, ngoja nikueleze ya Alhamisi.

Mama alikuwa anafua uani. Mwanamke tusiyemjua akaja akasimama nje ya gogo, mwavuli mkononi, na kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Alikuwa na furaha, masikini. Alisema ametoka Lobatse, ni rafiki wa jukwaani, na Mama Kimya alimwandikia kuwa kwao ni Kanye, chini ya kilima, lango la kijani. Alipoona na gogo, akajua kafika. Akasema, "Nimekuja kumwona Atang."

Beseni lilimdondoka Mama. Jina hilo halijatamkwa katika uwanja huu tangu tulipomzika mwanao. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake: "Atang hayupo hapa! Nani kakutuma, wewe? Ondoka!" Yule mama wa watu aliondoka analia, kofia kaiacha juu ya gogo. Tangu siku hiyo Mama halali bila taa. Anaamini mjukuu wake amerudi kudai nafasi yake. Thuso yeye anataka kwenda polisi.

Mimi siogopi aliyekufa. Picha aliyoiweka Mama Kimya ni ya ubavu wa kushoto. Ya kulia nilimtumia Thuso.

Ya kushoto nilikutumia wewe.

Sijamwambia mtu, dada. Ile siku nilitaka nikupigie nikutukane mpaka sauti inikauke. Kila nilichokusimulia asubuhi, jioni ulikigeuza chako. Nikaishika simu, halafu nikakumbuka siku uliyokuja na basi, na mfuko wa nepi begani. Mama alikuzuia pale langoni, akasema aliyezika mtoto ana miguu ya moto, asije akamuunguza kichanga. Uliuweka mfuko chini, ukageuka. Mimi nilikuwa dirishani nakuona, na sikufungua mdomo. Sote tulikufungia nje. Ukapenya kwa tundu lililobaki.

Nakuelewa. Lakini nisikilize, maana sasa naongea kama mama wa mtu. Larona ni Larona. Atang ana jina lake na kaburi lake, usimvishe mwenzake. Uliwaeleza watu usiowajua mwanangu analala wapi. Aliyekuja Alhamisi alikuja na kofia. Kesho atakuja nani, na nini mkononi? Picha zote zifute ukimaliza kusoma mstari huu, kabla hujakunja karatasi. Na hao akina mama waambie kuwa umefiwa. Pole walizokupa za chango, wakupe za msiba. Picha nyingine sitakutumia. Usiniombe.

Jumamosi panda basi uje. Gogo nitaliondoa kwa mikono yangu kabla basi halijafika. Mama atapiga kelele, mwache apige, nimekwishaamua, na hili nitamweleza mimi mwenyewe. Ingia kwa miguu yako hiyo hiyo. Nitakupakatisha Larona, umwone anavyonuka maziwa, umsikie anavyokoroma kama mzee. Hayo hayamo kwenye picha.

Mama hajui kama nakuandikia, lakini nakupa salamu zake, kwa kuwa kila akipakua uji huuliza kama Botlhale anakula vizuri huko. Larona kapiga chafya, nahesabu kuwa naye amekusalimu.

Ile kofia nimeikunja, nimeiweka kabatini. Larona sijamvisha hata kujaribu, kwa sababu haikufumwa kwa ajili yake. Njoo uichukue, Mama Atang.

Mdogo wako akupendaye,
Keneilwe