Nimeuza Wifi

Mwenzangu, acha hicho unachofanya. Nimetoka kituo cha televisheni sasa hivi, nimekaa kwenye ngazi.

Nimewasilisha ile tamthilia yangu, WIFI. Ile ya bi harusi na dada wa mumewe. Vituo vitatu vimeshaikataa, hiki ndicho kilichokuwa kimebaki.

Nikawaambia, "Wifi anaingia kila chumba bila hodi. Anajua siri za nyumba nzima. Akinuna, familia yote inakwama."

Mkuu wa vipindi akapiga meza. "Kweli kabisa, binti! Kwangu inakwama kila jioni!"

INAKWAMA. Nikadhani anaisema familia yake, nikamwonea huruma.

Akaendelea, "Nimependa unavyoisema kama mtu. Anaingia, ananuna! Hapo hata bibi yangu ataielewa teknolojia."

Teknolojia, mwenzangu! Mtu mzima na tai yake amenisikiliza dakika ishirini akidhani wifi ni ule mtandao wa kwenye simu!

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Unanijua, mtu akikosea ngeli tu mimi silali.

Akaniwahi. "Tunakupa vipindi kumi na vitatu."

Nikaufunga. Kumi na vitatu! Ngeli nitazitetea siku nyingine.

Akauliza, "Cha kwanza kinahusu nini?"

Nikasema kweli tupu, Mungu shahidi. "Wifi anahamia kwa kaka yake."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaandika kwenye daftari: KUHAMISHA MTAMBO.