Bushon ya juu ya 404

Amida, uko wapi? Stanislas ametuua.

Unajua ile motokari 404 baba yake alinunuaka wakati ya Zaïre, akitumika kazi ku mukuba, ku migodi ya shaba? Leo mama yake, mama mukwe yangu, anatosha kilio, matanga ya bwana yake inaisha. Mwaka muzima mu nguo nyeusi, na alisemaka: "Nitaenda ku misa mu motokari ya bwana yangu, ao siendi."

Basi asubui Stanislas anaingia chini ya motokari abadirishe mafuta ya pon ya nyuma, ile inazungushaka magurudumu. Anafungula bushon, ile kizibo ya chini, mafuta inamwangika. YOTE! Kisha njo anafata bushon ya juu, kwenye banaingizaka mafuta ya mupya. Kutu imeikamata.

Alifungula ya chini mbele ya kujaribu ya juu!! Stanislas!!

Alipiga nyundo, alitia moto. Kichwa ya bushon imekuwa kama yai, funguo inateleza tu. Analia kule chini, bageni banaangalia.

Na mama alisha kuingia nyuma, na kitambaa yake mweupe. Stanislas anamuambia, "Mama, haiwezi tembea."

"Bwana yangu hakunishushaka mu njia. Musukume."

Tunasukuma, Amida. Tuko ku soko ya Kenya, hapa mu muji, misa imeanza. Kuya na bandugu zako mutusaidie, mikono inakosa, na mama anauliza sababu gani hatuimbe.