Zabibu Nilizochuma Kama Pamba

Mwadila, mayu, mama yangu, na shikamoo pia.

Niko Hispania, kwenye kamji kadogo kuliko Maswa, mizabibu imekazunguka pande zote. Leo mwanao amechekwa, wala hajajali.

Asubuhi Mama Pilar, mwenye shamba, alitualika sisi wageni tumsaidie kuvuna. Wenzangu walikuwa bado wanapiga picha. Mimi nikainama nikaanza kuchuma ulivyonifundisha kwenye pamba: mikono miwili, punje moja moja, kikonyo nakiacha mtini, jani likidondokea kikapuni nalitoa. Mama Pilar alipokuja kukagua alishika kichwa. Kumbe hapa wanakata kichala kizima kwa mkasi, maana punje ikipasuka maji yake yanapotea kabla ya kufika kwenye pipa la mvinyo. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaomba mkasi, na kufikia saa sita nilikuwa nimewaacha wote nyuma.

Mchana walichoma mbavu za kondoo kwa matawi makavu ya mizabibu. Moshi wake, mayu, ni kama wa jikoni kwako ukipikia miti ya pamba. Kisha Mama Pilar akaleta zile zabibu zangu za punje moja moja kwenye bakuli. Tulizimaliza, na hakuna aliyekuta hata jani moja.

Wasalimie wote huko nyumbani Zagayu, na wewe upumzishe miguu. Siku zile ulipokuwa unamwaga kikapu changu nikichambue upya kwa sababu ya jani moja, nilikununia sana. Leo nimeacha kununa.

Mwanao,
Kabula