Jamhuri na hitima ya Athmani siku moja

Ijumaa, Jamhuri. Joto tangu alfajiri, shati limenigandia mgongoni.

Nina miaka themanini na tatu. Nimewazika ndugu zangu wote, na daktari aliyeniambia nikila chumvi sitafika sitini nimemzika pia. Bado nang'ata muwa. Herufi za Kiarabu nilisoma chuo cha Kurani, hizi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwenye magunia ya sukari. Basi mkiona nimekosea, nyamazeni. Naandika kwa dole gumba kwenye simu.

Leo ni siku ya harusi yangu. Siku bendera ya Mwingereza iliposhuka na yetu ikapanda, nilikuwa fundi wa kuta, kijana, na shimo la mlingoti hapa Amu, kisiwani Lamu, nilichimba mimi. Jioni yake nikamwoa Bi Zena. Mwaka wa pili, siku ile ile, nti ikawa jamhuri. Tangu hapo nawaambia watu, hata polisi wa bara: serikali nzima hufunga ofisi kwa ajili ya harusi yangu. Zena alikuwa akicheka. "Bwana huyu! Ungeoa siku ya Idi ungesema mwezi umeandama kwa ajili yako."

Harusi tunaihesabu kwa kalenda ya serikali, kwa sababu ya bendera hiyo. Misiba tunaihesabu kwa mwezi, kama watu wote hapa. Mtoto wetu Athmani alifariki Kiunga kwa homa, mwezi ishirini na moja mfungo tisa, yaani mwezi wa tisa baada ya Ramadhani. Na mwezi hauketi mahali pamoja. Kila mwaka hitima yake, kisomo cha kumwombea, husogea nyuma, mara ikaangukia mvua, mara ikaangukia jua. Furaha huku, kilio kule, nami nikapata nafasi ya kupumua katikati.

Mwaka huu siku hizo mbili zimekutana.

Zamani tungesoma hitima, ya harusi tukayanyamazia. Lakini Zena amepotewa. Alianza kusahau majina ya majirani, sasa hata ndia ya kwenda chooni humponyoka. Kilichobaki wazi kichwani mwake ni harusi tu, maana nimemsimulia kwa majivuno miaka yote hii mpaka ikamganda.

Juzijuzi binti yetu Maryamu aliteleza ulimi akataja kifo cha kaka yake. Zena alilia kama maiti ndiyo inatolewa mlangoni. Kesho yake alikuwa amesahau. Akauliza Athmani yuko wapi, akaambiwa, akalia upya.

Kwa hiyo nikaapa leo jina hilo halitajwi nyumbani kwangu.

Asubuhi Zena amenikuta nimekaa. "Hata kuoga bado? Watu wa harusi wako ndiani!" Akataka kikuba chake cha asmini, kile cha kubandika kifuani siku ya harusi. Nimetoka mwenyewe kukitafuta, na goti hili.

Maryamu akanijia juu. "Baba, utamvisha kikuba siku ya hitima?"

"Nitamvisha."

"Watu watasema."

"Waseme. Wao hufa, mimi nabaki."

Maalimu wa msikitini, msomaji wa hitima, nilipomkataza kulitaja jina naye akanisimamisha mlangoni. "Sasa dua hii nimpelekee nani, Bwana?" Nikamwambia Mungu anamjua. Akasema Mungu anamjua, lakini wenye kuitikia amina nao wajue. Nilikuwa tayari kumbishia mpaka Magharibi. Maryamu akasema polepole, "Na Athmani je? Hana haki ya kuombewa kwa jina lake?"

Nikageuka nikaenda kuhesabu mikeka. Mimi, kuhesabu mikeka!

Baada ya alasiri mikeka ikatandikwa, udi ukafukizwa, kahawa ikapita na halua. Na harusini ni hivyo hivyo, hata Fatiha ni ile ile. Zena ameketi nyuma ya pazia na kikuba chake, anatabasamu. Jirani yangu Mwalimu wa shule, mtu wa bara, akaninong'oneza, "Mzee, leo tunafurahi ama tunalia?"

"Kunywa kahawa, Mwalimu."

Maalimu akaomba dua, akalitaja jina lile lile nililomkataza. Nikainuka hapo hapo nikaingia ndani kabla kilio hakijaanza. Sijui nilidhani nitafanya nini. Kuta nimejenga mji mzima, lakini hili nilikuwa nalijengea ukuta gani?

Zena akanishika mkono. "Nimelisikia hilo jina. Athmani."

Nikatoa kitambaa mfukoni kumpangusa machozi.

"Jina zuri. Tukijaaliwa mtoto wa kiume tumwite hilo."

Nikasema inshallah.

Nilikuwa nikiogopa machozi yake. Sasa nayatamani. Tulikuwa wawili wenye msiba huu, leo nimebaki peke yangu. Yeye hajamzaa, mimi nimeshamzika.

Hapa sasa amelala, kikuba hajakubali kuvuliwa. Nimekaa kando yake tu.

Asiyeamini kuwa Zena alisema hivyo amwulize Maryamu, alikuwa amesimama hapo na sinia la halua. Amwulize na Mwalimu. Alikuwa karibu na pazia, akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.