Minazi Kumi na Minne ya Mwanamwema

Bunju, Jumatatu asubuhi

Dada Mwanaidi,

Shikamoo, dada yangu. Na shikamoo ya pili naitanguliza kuombea msamaha, mbele utaona kwa nini. Goti lako je, bado linatabiri mvua kuliko redio? Wajukuu wamekurudishia kitanda chako, au bado unalala ukingoni kama mgeni? Sie huku wazima. Mama Zuhura anakusalimu kwa nusu ya mdomo, maana nusu nyingine inaninunia mie, na sababu yake nayo imo humu.

Ulinikataza kukueleza mambo ya mirathi kwa simu. Ulisema simu ikikatika, ushahidi nao umekatika. Basi nimekaa na kalamu kama mtoto aliyepewa adhabu.

Nilikuambia watu wa upimaji watapita baada ya Idi, na kila kipande kiwe na jina la mwenyewe. Ndugu waliokuwa wamelala wote wakaamka. Shamba la Mzee Shomari halijagawanywa tangu zama za Seyyid wa Unguja, kabla ya Mjerumani, leo kila mtu analikumbuka kwa uchungu. Kaka Salumu, mkubwa wa uzao wa mlango wa Kondo, akaita kikao uwanjani kwangu. Kwangu kuna benchi. Likumbuke hilo benchi.

Akaja na ile hati ya kale kwenye kopo la biskuti, imekunjwa mpaka imekatika mikunjoni. Shehe aliyeletwa kuisoma aliinamia zile herufi za Kiarabu muda mrefu, kisha akatusomea kwa Kiswahili kilekile kilichoandikwa. Mzee Shomari amefariki, ameacha watoto wawili. Kondo, mwanamume, apewe minazi ishirini na minane. Mwanamwema, mwanamke, minazi kumi na minne, kuanzia kisimani hadi njia ya pwani. Basi.

"Na ardhi?" nikauliza.

Shehe akaigeuza hati nyuma, akaigeuza mbele. "Ardhi haikutajwa."

Watu wa siku zile, dada, ardhi kwao ilikuwa kama hewa, nani angegawa hewa? Mali ilikuwa mnazi. Lakini mie wa mlango wa Mwanamwema sikujali, nilisikia kumi na minne tu, na akilini nikaanza kukujengea chumba chako, kile nilichokuahidi siku ya arobaini ya shemeji, chenye dirisha la upande wa kisima, ili uache kukaa kwa mkweo. Nilikuwa nimefika kwenye mapazia Kaka Salumu alipokohoa kile kikohozi chake cha ukarani.

"Athumani mdogo wangu, kumi na minne tumeisikia. Sasa tuoneshe."

"Nikuoneshe nini?"

"Minazi."

Nikatazama huku na huku kama niliyeangusha ufunguo.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Nyie mlirithi minazi, na minazi imekufa. Poleni kwa msiba. Sanda tutaleta sie."

Watu wakacheka. Na mie nikacheka, si unanijua, nachekaga hata nikichapwa. Kisha nikamuuliza mbona ya Kondo nayo ilikufa. Akajibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto alifu: "Ilikufa. Kila uliokufa tulipanda mwingine pale pale." Wazee wote wakatikisa vichwa. Kumbe ndiyo desturi. Mnazi ukifa, ukipanda mwingine kwenye shimo lilelile, haki yako imesimama. Ukiliacha shimo, haki imeanguka na kuti la mwisho.

Hapo nikamkumbuka Mama. Kila nilipokuja Kilwa likizo, kabla hata sijaweka begi chini: "Athumani, mnazi ukifa panda mwingine pale pale." Miaka yote hiyo nilidhani mwanamke wa watu anapenda wali wa nazi! Nimekaa hapa Bunju miaka ishirini kama mlinzi wa mlango wa Mwanamwema, nikapanda mapapai, na maua ya Mama Zuhura.

Shangazi Mwajuma, shangazi yake Salumu wa damu, alikuwa akitafuna tambuu. Akatema, akasema, "Mbona upo mmoja? Ule wa nyuma ya nyumba ya Athumani. Bibi yao, mjukuu wa Mwanamwema, aliupanda upya kabla hajaolewa Kilwa. Mwaka juzi nimekunywa dafu lake."

Sasa dada, kaa chini kama umesimama.

Ule mnazi niliukata mwaka jana. Nazi zilikuwa zinapiga bati kama mawe ya wachawi, na moja ilitoboa paa juu ya kitanda chetu. Mama Zuhura akasema mnazi au yeye. Nikaazima shoka. Unajua kwa nani? Kwa Salumu. Aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni: "Nimekunolea kabisa, mdogo wangu, usije ukachoka." Nikamshukuru. Nikamtilia chai.

"Na gogo lake liko wapi?" Shangazi akauliza.

"Mmelikalia."

Wote wakainuka kwa pamoja kama wamekalia siafu. Salumu peke yake alibaki amekaa. "Gogo halina mizizi," akasema. "Gogo hata ufukweni linaokotwa."

Shehe akaamua mizizi itafutwe. Wakaniuliza kisiki kilikuwa wapi. Nikanyoosha kidole. Chooni. Nilipong'oa kisiki udongo ulikuwa umeshalainika, nikaona kwa nini nichimbe shimo la choo mahali pengine? Niliona nimefanya akili. Mama Zuhura alikuwa anatoka na sinia la chai: "Choo changu hakivunjwi!" Kikavunjwa ukuta wa nyuma Jumamosi, tukachimba pembeni. Tangu siku hiyo anakwenda kwa jirani na ndoo yake, amejifunga mtandio kama anakwenda msibani.

Mizizi ilikuwepo, myekundu, imesokotana kama nywele zisizochanwa. Shangazi akaichukua kiganjani, akainusa. "Mnazi huu. Mizizi hii naifagia tangu sijavunja ungo."

Nikadhani tumeshinda. Thubutu! Wazee wakasema mnazi mmoja una haki ya ardhi ya mnazi mmoja, mwisho pale kuti linapoangushia kivuli. Salumu akapima kwa hatua zake, na siku hiyo hatua zake zilikuwa fupi kama za bi harusi. Sebule imo. Chumba cha kulala kimo. Choo, alhamdulillahi, kimo. Jiko liko kwa Salumu. Yaani mke wangu apike kwa Salumu, apakue kwangu. Na chumba chako, dada yangu, dirisha, mapazia na vyote, kimeangukia upande wake.

Akatoa karatasi ya kukubali, na kalamu, ya wino wa bluu, tayari imefunguliwa.

Sikutia sahihi. Na sikucheka. Nikasema mkubwa wa mlango wa Mwanamwema si mie, ni Dada Mwanaidi, mpaka aje yeye.

"Mvi zote hizo, bado unaomba ruhusa kwa dada?"

"Naomba. Ningemwomba kabla ya kukata mnazi, leo tusingekuwa tunajadiliana chooni."

Shangazi ndiye aliyeninusuru. Alimgeukia Salumu, fimbo mkononi: "Sie wanawake tulipewa nusu tukanyamaza. Hata hiyo nusu mwaitaka?" Kisha akaanza kutembea, kutoka kisimani kwenda njia ya pwani, anagonga ardhi kwa fimbo. Hapa. Hapa. Hapa palikuwa na ule uliopinda. Mashimo kumi na matatu, dada, mengine bado yana kibonde, hakukosea hata moja, maana utotoni alikuwa anaokota nazi humo. Shehe akatazama, akasema mpaka haujawekwa bado. Anayelijua shimo lake na alipande kabla ya Idi, naye atasikilizwa. Salumu akasema mche wowote atakaouona ataukata.

Kwa hiyo nakuomba. Mnazi ulio nyuma ya jiko la Mama ulitoka kwenye gunia la nazi nililowapelekea siku ya harusi ya mwanao Rehema. Ni mtoto wa huyu niliyemuua. Najua chini yake nazi zimechipua tele, kwa sababu wewe ni mvivu wa kuokota, na leo naushukuru uvivu wako. Chagua kumi na tatu zenye majani, zifunge kwenye gunia, upande nazo basi, uje kabla ya Idi. Nataka upande kwa mkono wako mbele yao wote. Mie mkono wangu umeshaonekana kazi yake.

Nisalimie Rehema na mumewe fundi cherehani, mwambie suruali yake bado inanibana kwa heshima. Nisalimie Bi Tatu jirani aliyemuosha Mama, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kama bado anaona, asioneshwe barua hii.

Na vitisho vya Salumu visikuzuie kuja. Jana jioni alipita hapa, akasimama mlangoni, akaulizia shoka lake. Nikamwambia, "Kaka, nimeisikiliza hati yote mpaka mwisho. Shoka halikutajwa." Liko chini ya kitanda changu, bado lina makali aliyoninolea.

Mdogo wako asiye na jiko,
Athumani