Chai ya Saa Nne

Mpendwa Baba Mwende,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe unayesoma. Mimi si mzima. Tangu asubuhi ile ulipotoka na koti lako na mkoba wako, na huu ni mwezi wa pili unaelekea kuisha, chakula napitisha kooni kwa kukisukuma na maji. Nguo zangu za kanisani zinaning'inia kama zimeazimwa, na akina mama wa ushirika wameanza kunong'onezana nikipita, unawajua wale. Kwa hivyo salamu tuziache. Nikuulize swali moja tu: mtu mzima, mwenye mke na mtoto, anahama kwake kwa sababu ya chai?

Nimekasirika, ndiyo. Nikiacha kukasirika nitalia, na nikianza kulia hii barua haitaandikika.

Unakumbuka mambo ya kile kisanduku cha kupimia stima aliyaanzisha nani? Si Mwende. Ni wewe. Bili ya stima ikija ulikuwa unaisoma umesimama, kofia bado kichwani, kisha unatangaza, "Hii mita inatuibia." Mimi nakwambia mwizi ni pasi yako, mwanamume gani hupiga shati pasi mara mbili? Wewe unasema ni friji yangu inayonguruma kama lori. Siku hiyo Mwende alikuwa amerudi kutoka chuo cha ufundi, akatuambia, "Aki nyinyi mnanichosha. Nitawatengenezea kitu kitawaambia ukweli." Ulicheka ukashika mbavu. Lakini Jumamosi iliyofuata mlienda naye River Road kutafuta vipuri, mkarudi jioni mmechafuka kama mafundi wa jua kali, na unga niliokuwa nimewatuma mmeusahau.

Meza yangu ya chakula ikaisha kuanzia hapo. Haki ya Mungu, tulikuwa tunakula sahani zikiwa mapajani, kwa sababu mezani kuna redio iliyopasuliwa tumbo, kuna waya, kuna kile chuma cha moto cha kuchomelea kilichotoboa kitambaa changu cha kusuka. Na katikati ya takataka hizo zote, ile chipu aliyopewa na mwalimu wake, kitu kidogo cheusi chenye miguu kama jongoo. Mwende akasema hicho ndicho kichwa. Alikuwa anakiandikia maagizo kwenye kompyuta ya chuo, ile moja wanayoipangia foleni, halafu anakuja kukijaribu hapa nyumbani na kinakataa. Wewe kazi yako ilikuwa pete. Ulivaa miwani, ukakaa ukizungusha waya mwembamba kama nywele kwenye pete ya chuma, pete itakayozunguka waya mkubwa wa nyumba ili ihisi stima inayopita bila kuukata. Nikikusemesha unapoteza hesabu, unaanza upya, unaniangalia vibaya. Nami nilikuwa nakusemesha makusudi.

Siku kilipokubali, nilikuwa nachambua maharagwe. Namba zikatokea kwenye kile kioo kidogo. Mwende akapiga kelele, "Mathe, washa pasi!" Nikawasha, namba zikaruka juu. "Zima!" Zikashuka. Mliniwashisha na kunizimisha pasi kama mtoto anayefunzwa kuandika. Ukamwita jirani Baba Achieng na mkewe waje waone. Ukasimama katikati ya nyumba umeshika kiuno, ukasema, "Huyu ni injinia, na mimi ndiye msaidizi wake." Sijawahi kukuona na uso ule, hata siku ya harusi yetu.

Na ni kweli pasi yako ndiyo iliyokuwa mwizi. Nilikucheka wiki nzima.

Wakati huo, Baba Mwende, kisanduku kilikuwa kinaonyesha stima ya sasa hivi tu. Kilichopita hakikijui. Wewe ulijua hivyo, sote tulijua hivyo. Mtoto ndiye aliyekaa na kufikiria, akaenda kukiongezea kumbukumbu bila kutuambia. Alitaka kukufurahisha wewe. Jioni ile ulikuwa hujamaliza ugali, akaja anang'aa, akakwambia, "Buda, cheki. Sasa inakumbuka. Ukibonyeza hapa inakuonyesha jana na juzi, saa kwa saa." Akabonyeza. Alfajiri, mimi napika uji. Sawa. Saa moja, pasi. Sawa. Saa mbili, saa tatu, hakuna kitu, friji peke yake. Saa nne asubuhi, namba imepanda juu kabisa. Jana hivyo, na juzi hivyo hivyo.

Mwende akasema, "Kuna mtu anatuibia stima! Saa nne sisi wote hatuko."

Sikukutazama. Laiti ningekutazama. Mimi nilishainuka, niko kwenye ngazi, nagonga mlango wa Mama Achieng kwa sababu ukuta wetu na wao ni mmoja, na kichwani mwangu tayari nimeona waya umepitishwa. Nikamwambia atoke nje anieleze anatumia stima ya nani. Mama Achieng naye si mtu wa kuonewa. "Mimi? Niibe stima yako nipike nini, hayo maharagwe yako ya kila siku?" Milango ikafunguka juu na chini. Baba Achieng alisimama nyuma ya mkewe na ndala zake, anaangalia sakafu. Nikafikiri, huyo ndiye, dhamira inamsuta.

Ndipo ukatoka. Mwende alikuwa mbele yako, na nadhani yeye alishauona uso wako, kwa sababu alisema haraka haraka, kwa sauti ya juu ili wote wasikie, "Mum, wacha! Ni saa ya kisanduku imekosea. Stima ilipotea Jumapili, saa ikaharibika."

Ulikuwa umepewa njia. Mtoto wako amekufungulia mlango, wewe upite tu. Ungesema "ndiyo, imekosea," tungeingia ndani tukalala. Lakini ulimshika bega ukasema, "Saa haijakosea. Kazi ya mtoto wangu haina kosa. Ni mimi nachemsha chai. Kazini walitupunguza tangu Pasaka, saa nne huwa niko hapa."

Milango ikafungwa mmoja mmoja, juu na chini. Mpaka leo naisikia.

Usiku huo ulilala umegeukia ukuta, na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikaosha vyombo. Asubuhi ukavaa, ukapiga shati pasi mara mbili, ukaondoka kama unayeenda ofisini. Nilidhani utarudi jioni. Nilikupikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa.

Nimekwenda kwa ndugu yako Machakos, akaniangalia kama mimi ndiye niliyekuficha. Nimesimama kwenye kibanda cha simu nikipigia kila mtu ninayemjua jina. Nimekwenda hospitalini, na nimekwenda pale pengine ambapo mke hapaswi kwenda kumtafuta mumewe, nikaonyeshwa watu wasio wewe, nikamshukuru Mungu mbele ya maiti za wenyewe. Na Mwende, je? Amechomoa kisanduku ukutani, akakifunga ndani ya gazeti. Chuo haendi. Anasema yeye ndiye aliyekufukuza. Namwambia, "Mwanangu, hukumfukuza baba yako." Ananijibu, "Nilimpimia saa zake kama mwizi, Mum." Nikose usingizi kwa ajili ya nani kwanza, wewe au yeye?

Jumanne iliyopita homa ilinishika, sikufungua kibanda changu cha sokoni Kariokor. Nikamtuma Mwende duka la dawa, nikakaa kwenye kiti chako. Baba Mwende, sikujua Donholm yetu ya saa nne ilivyo. Watoto wapo shuleni, wanawake wapo sokoni, redio ya mtu inaongea peke yake kule chini. Nilikaa nikasikia saa ya ukutani, nikafikiri, mume wangu amekaa hapa hivi tangu Pasaka, na jioni nikija namuuliza kazi ilikuwaje, na ananijibu ilikuwa nzuri.

Mlango ukagongwa. Ni Baba Achieng. Aliponiona ujasiri ulimwisha, akataka kurudi, nikamvuta mkono. Mtu mkubwa vile, fundi wa kiwandani, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akaanza kusugua magoti. Akasema, "Mama Mwende, ile chai tulikuwa tunakunywa wawili. Mimi pia kiwanda kilinitoa. Nyumbani kwangu hawajui mpaka leo. Siku ile kwenye ngazi nilikuwa nangoja aniseme, aseme tuko wawili. Akasema ni yeye peke yake."

Sikujua nimpige au nimpe maji. Nikampa maji. Nikamuuliza, "Umekuja kuniambia hayo tu?" Akasema hapana. Akasema anajua uliko. Kwamba mnaonana naye kila asubuhi kwenye lango la kiwanda kule Industrial Area, mnangoja kibarua na vijana wenye nusu ya umri wenu, na unalala kwa mtu mtaani Tassia, na ulimwapisha asiseme.

Kesho yake nilikwenda. Homa na yote. Nikasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya mama mmoja anayeuza chapati, nimejifunika leso. Nikakuona. Umekunja mikono ya lile shati jeupe, umeinua mkono juu kama mtoto darasani, na yule nyapara anapita akichagua, wewe, wewe, na wewe. Akakupita. Hukulalamika. Ulishusha mkono, ukaketi juu ya jiwe, ukasema kitu kwa mwenzako mkacheka.

Nilifungua mdomo nikuite. Mimi, ambaye nikiita mtu huku Donholm wanasikia mpaka barabara ya Outer Ring! Nikaufunga. Niliogopa. Nilifikiri nikikuita pale mbele ya wanaume wale, utainuka uende mahali ambapo hata Baba Achieng hatapajua. Kwa hiyo nikarudi nyumbani, nikachukua karatasi. Hii barua anakuletea yeye. Usimgombeze, nimemlazimisha.

Sasa nisikilize. Sitaki mshahara wako. Kibanda kinatulisha, na siku kisipotulisha tutalala njaa watatu. Kuwa nyumbani mchana si dhambi. Kaa, chemsha maji, fungua na pazia. Watu wa ngazi hii walishasema waliyotaka kusema, wakachoka, sasa wanasema mengine. Mimi nimekutukana kwa mambo mengi katika ndoa hii, lakini niambie ni siku gani nilikutukana kwa kukosa pesa.

Mwende hajui kwamba nimekuona. Nimwambieje? Kwamba baba yako yuko hai, yuko hapo karibu tu, na hataki kuja? Hilo litammaliza. Kwa hivyo nakupa mpaka Jumapili. Usipokuja, Jumatatu namleta mtoto langoni, tusimame mbele yako, na ukikimbia, akuone ukikimbia.

Nimesoma hapo juu tena. Natishia, kama kawaida yangu.

Sitamleta. Unajua siwezi, wewe unanijua kuliko mama yangu. Sina tishio lingine, Baba Mwende, yote yameniishia. Njoo tu.

Ni mimi mkeo,
Mama Mwende